Shujaa Ana Jina

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Penye mnara wa kumbukumbu Rais wa Jamhuri ya Muungano huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kisha huwekwa shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Tarumbeta hulia, mizinga hupigwa, watu wote husimama kimya, na viongozi wa dini huwaombea marehemu, kila mmoja kwa njia ya imani yake. Ni shughuli yenye heshima. Silaha zinazowekwa pale ni silaha za wazee wetu, na asiyeguswa moyo na kimya kile huyo ana moyo wa jiwe.

Lakini heshima ni deni, na deni halilipwi nusu likahesabiwa limekwisha. Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Pemba, na atakayoyasema hapa anayasema kwanza dhidi ya nafsi yake.

Mwaka mmoja, katika miaka ya 1990, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Mashujaa wa Taifa Letu". Insha zilizokuja zilifanana kama pacha. Zote zilisema kwamba mashujaa ni watu waliojitolea, zote zilisema kwamba hatuna budi kuwaenzi, na zote zilimalizika kwa kumwomba Mungu awalaze mahali pema. Jina la mtu halikuwamo hata moja. Mvulana mmoja tu ndiye aliyekwenda kinyume cha wenzake. Yeye aliandika sentensi tatu: kwamba ami yake alikwenda vitani Uganda, kwamba hakurudi, na kwamba bibi yake ameihifadhi picha ya ami huyo sandukuni, chini ya kanga, na huitoa siku ya Idi. Nikampa alama nne katika ishirini, nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Hukujibu swali."

Leo najua ya kuwa katika darasa lile ni yeye peke yake aliyelijibu. Miaka mingi baadaye nilipita kijijini kwao, nikaikumbuka insha ile, nikauliza. Bibi alikwisha kufariki. Picha ilikuwapo: kijana amesimama mbele ya pazia la mpiga picha, kofia ameishika mkononi. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Watu wa nyumba ile walilijua jina lake, lakini mmoja alisema aliangukia Masaka, mwingine akasema Lukaya, na wa tatu akasema alifariki kwa maradhi wakati wa kurudi. Kikosi chake hakuna aliyekijua. Yaliyokuwa yakijulikana kwa yakini yaliondoka na bibi kizee yule. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mtoto aliniletea habari mezani kwangu, nami nikamrudisha kwa alama nne.

Basi hoja ya makala haya ni moja tu. Kumwita mtu shujaa bila ya kumtaja jina lake ni nusu ya heshima. Na nusu iliyobaki haiwezi kutimizwa Dar es Salaam wala Dodoma. Ni wajibu wa shehia alikozaliwa shujaa huyo, na katika shehia hiyo mtu wa kwanza wa kuulizwa ni mwalimu.

Tukianza na sisi wenyewe, Wapemba hatuna haja ya kufundishwa na mtu yeyote thamani ya jina la marehemu. Tazama hitima inavyosomwa katika vijiji vyetu. Watu hukaa mkekani, juzuu thelathini zikagawiwa, ubani ukafukizwa chetezoni. Kabla ya dua kuombwa, mwenye shughuli humpelekea shekhe karatasi yenye majina, na shekhe huyataja moja moja: fulani bin fulani, na fulani binti fulani, mpaka karatasi imalizike. Hakuna anayekubali kuombewa "marehemu wa ukoo" kwa jumla akainuka akaenda zake. Mwenye shughuli akisahau jina moja tu, jamaa wa aliyesahauliwa watanuna mpaka hitima nyingine, nao wana haki ya kununa. Wapo wanazuoni wasioiona hitima kuwa sawa, na mwandishi hana elimu ya kubishana nao. Lakini hata wao wakimzika mtu humzika kwa jina lake na la baba yake.

Wala desturi hiyo haigombani na mambo ya Serikali. Kila tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, viongozi wa nchi huketi Kisiwandui, Unguja, wakasoma hitima kwa ajili yake. Dola na mkeka vimekaa pamoja siku hiyo, na hakuna kilichomvunjia mwenzake heshima.

Tena kisiwa hiki kimekwisha kuthibitisha kwamba jina laweza kuishi bila ya jiwe. Kamange na Sarahani, malenga wetu wakuu wa zamani, hawakujengewa minara. Watu waliwakariri. Beti zao zilipita kinywa hata kinywa, kizazi baada ya kizazi, mpaka zikakusanywa na kuchapishwa kitabuni mwaka 2011. Ikiwa tuliweza kuyahifadhi mashairi ya mapenzi na ya majibizano kwa muda wa miaka zaidi ya mia, tuna udhuru gani wa kupoteza jina la kijana aliyeifia nchi juzi tu?

Na atakaye kujua mwisho wa taifa lisiloandika majina, aende Dar es Salaam akaitazame Sanamu ya Askari. Imesimama katikati ya mji tangu mwaka 1927: askari Mwafrika wa shaba, bunduki mbele, uso umeelekea bandarini. Ilisimamishwa na Waingereza kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Chini yake pamechongwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowaahidi marehemu kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Msomaji, zunguka sanamu ile pande zote nne ukayatafute majina hayo. Hutaliona hata moja. Ahadi ya kukumbuka majina imeandikwa katika lugha tatu, na majina yenyewe hayakuandikwa katika lugha yoyote.

Waliosahauliwa hivyo hawakuwa wachache. Katika vita vile Waafrika wapatao milioni moja walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Mwingereza, wakitolewa bara, Kenya, Uganda, Kongo, na katika visiwa vyetu vya Zanzibar pia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi chao kimeacha jina la soko, Kariakoo. Lakini wao wenyewe hawakuacha majina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917 kwa madhumuni ya kumpa kila marehemu heshima sawa na mwenzake, haikuwapa heshima hiyo wapagazi wa Afrika ya Mashariki. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kosa hilo kukiriwa. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo ilichapisha ripoti inayosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tazama pengo lililopo baina ya hesabu hizo mbili. Mtu hakosei kiasi hicho anapohesabu magunia ya karafuu. Hukosea kiasi hicho anapohesabu vitu ambavyo tangu mwanzo hakuvithamini.

Hayo yalikuwa ya mkoloni. Taifa huru lilifanya nini? Hapa haki isemwe. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu mwishoni mwa mwezi Oktoba 1978, yakaliteka eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, Mwalimu Julius Nyerere aliwahutubia wananchi tarehe 2 Novemba akawaeleza kwamba sababu ipo, nia ipo na uwezo upo. Askari wa Jeshi la Wananchi, pamoja na mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, waliitika kutoka bara na visiwani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa mwezi Juni vita vilikuwa vimekwisha. Waliokufa walizikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, na juu yao ukasimamishwa mnara mweupe ulioandikwa majina yao. Hapo ndipo Taifa huru lilipojitenga na njia ya mkoloni. Mkoloni alijenga sanamu akasahau majina. Sisi tuliandika majina.

Lakini Kaboya ni wapi, na Pemba ni wapi? Mzee wa Kojani au wa Makangale anayetaka kulisoma jina la mwanawe lazima avuke bahari, kisha aivuke nchi nzima kutoka mashariki hata magharibi, mpaka karibu na Ziwa Viktoria Nyanza. Wazee wangapi wa Pemba wameifanya safari hiyo? Hali ni hiyo hiyo kwa wale waliokufa katika vita vya Msumbiji wakalazwa Naliendele, Mtwara. Jina lililo mahali ambapo mama mzazi hawezi kufika limehifadhiwa, ndiyo, lakini halijarudi nyumbani.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba wa kulinda amani waliuawa Darfur, nchini Sudani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilishambuliwa usiku, na wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14, wakiwamo vijana wa Zanzibar. Hao hawakuwa babu zetu wa hadithi. Ni vijana waliokaa katika madawati ambayo wadogo zao wangali wakiyakalia. Umoja wa Mataifa una nishani inayoitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wake aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1961. Kila mlinzi wa amani aliyeuawa kazini hutunukiwa nishani hiyo, nayo huchongwa jina lake na tarehe ya kifo chake. Ni jambo jema. Lakini je, si aibu kwamba jina la kijana wetu litajulikana New York, na shuleni alikosoma, mbele ya mwalimu aliyemfundisha kuliandika, lisiwepo hata katika daftari?

Najua kwamba hoja hii ina wapinzani, na baadhi yao ni watu wa busara. Hatuna budi kuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema: sherehe ya Taifa yatosha, shule ina kazi zake. Jibu ni kwamba sherehe ya Taifa ni ya lazima, lakini kwa hulka yake ni ya wote kwa pamoja, na jambo la wote kwa pamoja ni rahisi kupitwa na habari nyingine. Mwaka 2016 maadhimisho yalifanyika Dodoma, na siku hiyo Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itahamia mji huo. Lilikuwa tangazo kubwa, na limetimizwa. Lakini muulize mtu yeyote leo anakumbuka nini cha tarehe 25 Julai 2016: atakutajia kuhamia Dodoma. Kosa halikuwa la tangazo. Kosa ni letu, tuliokuwa tumeukabidhi ukumbusho wetu wote kwa asubuhi moja na uwanja mmoja, hata habari moja kubwa ikaweza kuufunika. Lau kila shehia ingekuwa na majina yake ya kusoma siku ile, hakuna habari ambayo ingeyafunika.

Wa pili husema: kuwakumbuka askari ni kuvitukuza vita, na watoto wafundishwe amani. Huyu ana nia njema, lakini amelishika shauri kwa mkia. Linalovitukuza vita ni neno "mashujaa" likiachwa tupu, bila ya sura, bila ya umri, bila ya mama. Neno tupu halitoki damu. Mpe mwanafunzi jina la kijana, mweleze kwamba alikuwa hodari wa kupanda mikarafuu, kwamba aliacha mke aliyekaa eda akiwa na mimba, kwamba mtoto aliyezaliwa hakupata kumwona baba yake. Kisha muulize kama vita ni mchezo. Anayejua bei ya kitu hakichezei. Tena tukumbuke kwamba waliokufa Darfur na Semuliki walikuwa walinzi wa amani. Atakayewasahau hao kwa kisingizio cha kuipenda amani atakuwa amewalipa fadhila ya punda.

Wa tatu ni mkali zaidi. Husema: askari wa King's African Rifles na wapagazi walimtumikia mkoloni, Taifa huru haliwadai heshima wala haliwapi. Hoja hii ilisikika sana zamani, na vijana wenye hamasa bado huipenda. Lakini tuitazame vizuri. Wapagazi wengi walikamatwa, hawakujitolea. Mtu aliyefungwa kamba akatwishwa mzigo wa risasi hakuwa na vita vyake. Alikuwa na mateso yake. Na ni nani aliyekata shauri kwamba jina lake halistahili kuandikwa? Ni mkoloni. Basi sisi tukilikataa jina hilo kwa ajili ya kumchukia mkoloni, tutakuwa tumeithibitisha hukumu aliyoitoa mkoloni mwenyewe. Hiyo si siasa ya ukombozi. Ni kumalizia kazi ya bwana baada ya bwana kuondoka. Daftari liwe na mlango wao, nasi tueleze wazi walichukuliwaje na nani.

Wa nne husema: minara na maua si utamaduni wetu. Kwa nusu, huyu asema kweli, nami namuunga mkono. Pemba haihitaji minara mingine. Sanamu haikubaliki kwa wengi wetu, na saruji hupasuka. Lakini nusu ya pili ya maneno yake haifuati. Kama jiwe si letu, jina ni letu, dua ni yetu, kalamu ni yetu tangu kabla ya huyo mkoloni kuja. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Na asili yetu katika jambo hili ni kutaja.

Wa tano hatoi hoja, hutoa methali. Husema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo ni ya kweli katika mambo ya chakula. Katika mambo ya nchi ni ya mtu aliyeketi kivulini asiyetaka kuulizwa mti ulipandwa na nani.

Sasa tuseme la kufanywa, maana kulaumu bila ya kuelekeza ni kazi ya wavivu. Kila shule ya sekondari ya Pemba, kuanzia Mkoani hata Konde, iwe na Daftari la Mashujaa. Liwe daftari lenye jalada gumu, la bei ya kawaida, lihifadhiwe katika ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na daftari la kuandikisha wanafunzi. Na hilo lina maana yake, kwa sababu wengi wa watakaoandikwa katika la kwanza walikwisha kuandikwa katika la pili. Wanafunzi wa somo la historia na wa Kiswahili wapelekwe kwa wazee wa shehia zao wakaandike habari za kila askari, mgambo au mpagazi aliyetoka hapo akafa kazini: jina lake kamili na la mama yake, kijiji chake, kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kwenda, alikokwenda, na yanayosemwa kuhusu kifo chake. Waliorudi na majeraha wasingoje kufa ndipo waandikwe. Wao ndio mashahidi, na ushahidi wao ni wa leo.

Kazi hiyo iwe na kanuni, maana jina la marehemu ni amana. Kanuni ya kwanza: hakuna linaloandikwa bila ya idhini ya jamaa. Ziko nyumba ambazo msiba haujapoa, na mwanafunzi afundishwe kuomba ruhusa, na afundishwe kuondoka kwa adabu akinyimwa. Kanuni ya pili: hakuna kupamba. Ikiwa mtu alikufa kwa kipindupindu kambini, iandikwe kipindupindu; hakupungukiwa na ushujaa kwa kutouawa na risasi. Wazee wakihitilafiana, kama walivyohitilafiana wale niliowauliza mimi, ziandikwe kauli zote na majina ya waliozisema. Daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu anayesahau aweza kukumbushwa, lakini aliyedanganywa huamini kwamba anajua.

Kanuni ya tatu inahusu kidonda chetu wenyewe. Katika miaka ya 1990 kisiwa hiki kiligawanyika kwa vyama hata watu wa kijiji kimoja wakasusiana harusi na mazishi. Mtu alipitwa na jeneza la jirani yake asinyanyuke. Aliyeyaona hayo hayasahau, na asiyeyaona amshukuru Mungu. Kwa hiyo basi, katika daftari hili pasiwe na safu ya chama, wala asiulizwe mzee yeyote mwanawe alikuwa upande gani. Waliolala Kaboya walilala bega kwa bega, Mpemba na Msukuma, Mhaya na Mmakonde, na mnara wao ni mmoja. Pengine hapa ndipo marehemu watakapotufaa kuliko tutakavyowafaa sisi: watu wasioweza kukaa mkeka mmoja kwa jambo lingine lolote wataweza kukaa mkeka mmoja kwa ajili ya kijana wao.

Kisha, ifikapo tarehe 25 Julai, ambayo si siku ya mapumziko na masomo huendelea, wanafunzi wapange mistari asubuhi kama kawaida. Isipigwe ngoma wala isitolewe hotuba ndefu. Mwanafunzi mmoja afungue daftari asome majina, taratibu, kila jina na kijiji chake. Jamaa wanaopenda waje wasikilize. Atakayetaka kuomba dua aombe kwa imani yake. Halafu kengele ilie, watoto waingie madarasani. Shughuli yote haitazidi robo saa. Haitaharibu kipindi hata kimoja, na haitahitaji fungu la fedha kutoka popote.

Watasema baadhi ya walimu wenzangu: kazi zetu ni nyingi, madarasa yamejaa, na mitihani haiulizi habari za askari wa shehia. Ni kweli, mitihani haiulizi. Wala haikuuliza siku ile niliyompa mtoto yule alama nne. Na ndiyo sababu nilimpa. Nilimpima kwa swali la kitabuni, naye alikuwa amebeba jibu ambalo halimo kitabuni wala katika maktaba yoyote duniani, jibu lililokuwa kifuani mwa bibi mmoja tu. Mwalimu mwenzangu, wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa vita vya Kagera amekwisha kupita sitini, na mama zao waliowaaga bandarini wengi wametangulia. Hatuna muda wa kungoja waraka.

Mwanafunzi unayeyasoma haya, kazi yako ni nyepesi kuliko yangu, kwa kuwa wewe hujakosea bado. Leo jioni, ukitoka shamba au ukimaliza kuteka maji, kaa karibu na mkubwa wa nyumba yenu umuulize: je, katika ukoo wetu au katika jirani zetu yuko aliyekwenda jeshini asirudi? Ukiambiwa yuko, uliza jina lake na la baba yake. Ukionyeshwa picha, ombi lako la kwanza liwe moja: uruhusiwe kuigeuza, ukaandike jina nyuma yake.